Donge la damu mu mapafu: kununua skaneri haitoshi

Kila mara wakubwa wanapokuja kufungua hospitali ao kukata utepe wa jengo lililotengenezwa upya, ahadi yenye kupigiwa makofi mengi ni ile ya skaneri. Tunaelewa makofi hayo. Hapa Lubumbashi, ku Likasi, ku Kolwezi, jamaa nyingi ziko na mutu wao aliyeambiwa: «Muende mukafanye ile picha fasi ingine, kisha murudi.» Wenye feza wanavuka mupaka wa Kasumbalesa, wanaenda Kitwe, Ndola ao Lusaka. Wenye feza zaidi wanapanda ndege ya Afrika ya Kusini ao ya India. Wengine wanabaki na karatasi ya munganga mu mukono.

Lakini kuko ugonjwa mumoja wenye kuonyesha wazi kwamba mashini ni mwanzo tu wa kazi. Wanganga wanauita emboli ya mapafu: ni donge la damu lenye kuziba mishipa ya mapafu. Unaua haraka, unajificha nyuma ya magonjwa mengine, na bila picha ni vigumu kuuhakikisha. Kwa hiyo ni kipimo kizuri cha kujua kama hospitali zetu zinaona kweli. Na tunavyotazama mambo, kuona hakuanzie ku mashini. Kunaanzia kwa mutu mwenye kuwaza ugonjwa huu mbele ya picha, kunaendelea kwa mutu mwenye kusoma picha, na kunaishia ku dawa yenye kuwa tayari ku kitanda cha mugonjwa.

Damu yenye kutoka ku muguu

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Damu inapashwa kutembea. Mutu akilala siku nyingi bila kusimama, damu ya mishipa ya ndani ya miguu inatembea polepole, na mara ingine inaganda. Donge linafanyika mu paja ao nyuma ya goti. Siku moja kipande kinakatika, kinapanda na mushipa mukubwa wa tumbo, kinapita mu moyo upande wa kuume, kinaenda kuziba njia za damu mu mapafu. Kama ni kipande kidogo, mugonjwa anasikia maumivu ku ubavu wakati wa kuvuta pumuzi, anakohoa, mara ingine anatema damu. Kama ni kikubwa, moyo unasukuma damu ku mulango uliofungwa. Mutu anazimia, na anaweza kufa mu dakika chache.

Munganga wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alieleza safari hiyo ya donge katikati ya karne ya 19. Mpaka leo wanganga wanatafuta mambo matatu: damu yenye kusimama, mushipa wenye kuumia, na damu yenye kuganda kwa urahisi kuliko kawaida.

Mambo hayo matatu hayako mbali na sisi. Mwili wa mama mwenye mimba unajitayarisha ili asipoteze damu mingi siku ya kuzaa: damu yake inaganda kwa urahisi, na hali hiyo inaendelea majuma kadhaa kisha kuzaa. Kama alizaa kwa kupasuliwa, ongeza kidonda na siku za kulala. Kijana aliyeanguka na manseba akavunjika mufupa wa paja anaweza kulala majuma na muguu wenye kuvutwa na kilo, sababu jamaa inatafuta bado feza ya kumupasua. Kuko wagonjwa wa kansa. Kuko wagonjwa wa SS, wa kifua kikuu na wa VIH, ambao damu yao inaganda kuliko ya wengine. Tangu mwaka wa 2020, wanganga wa dunia nzima waliona tena kwamba Kovidi-19 inaleta madonge hayo mu mapafu. Huu hauko ugonjwa wa Wazungu wenye kukaa sana mu ndege.

Jina la ugonjwa likikosa

Tuchukue mufano. Mwanamuke amezaa kwa kupasuliwa. Mutoto ni muzima, jamaa imekwisha kuleta pombe na soda. Siku ya tano mama anasimama kwenda kuoga, anasema pumuzi inamukosa, anaanguka. Munganga wa zamu anafika, amekwisha kufa. Mu karatasi wanaandika kwamba moyo ulisimama. Ku kilio maneno yanaanza kutoka: «Alikuwa muzima asubui yote. Balimulisha kitu.» Macho yanageukia mama mukwe, ao bibi wa pili, ao shangazi aliyeleta bukari siku ile.

Hatusemi kila kifo cha gafula ni donge la damu. Mama anaweza kufa kwa damu yenye kumwangika ndani, kwa moyo wenye kuchoka, kwa maambukizo. Lakini kuandika «moyo ulisimama» haiko kuandika sababu. Kila mutu mwenye kufa moyo wake unasimama. Na kwa vile karibu hakuna hospitali yenye kufungua maiti ili kujua, jamaa inabaki na swali, na swali lisilojibiwa na munganga litajibiwa na mutu mwingine, mwenye kutaja jina. Kuko ndoa zilizovunjika vile, kuko wazee waliofukuzwa mu nyumba. Kwa hiyo picha tunayoizungumuzia hapa haiko mambo ya wanganga peke yao.

Radio ya kifua inaonyesha nini, na haionyeshe nini

Mugonjwa akifika na pumuzi fupi, kitu cha kwanza ni radio ya kifua. Ni ya bei ndogo, na iko fasi mingi. Ni vizuri ifanywe: inaonyesha nimonia, maji kando ya pafu, pafu lililoanguka, alama za kifua kikuu. Lakini kwa donge la damu, radio mara nyingi inatoka safi ao karibu safi. Alama ziko, kweli. Sehemu ya pafu inaweza kuonekana nyeusi zaidi juu ya damu kukosa kufika kule. Ao kunaonekana kivuli cha mufano wa kilima kidogo ku ukingo wa pafu, alama ambayo Mumarekani Aubrey Hampton alieleza mwaka wa 1940. Zote ni za mara chache, na munganga mwenye kuzingojea ataacha wagonjwa wengi wapite.

Hatari iko hapa: mugonjwa anahema kama mwenye kukimbia, kidole chake mu kifaa cha oksijeni kinaonyesha namba ya chini, radio inatoka safi, na wanamwambia: «Mapafu yako ni mazuri, ni mawazo tu, rudia nyumbani.» Inapashwa kuwa kinyume. Radio safi kwa mutu mwenye kukosa pumuzi kweli ni sababu ya kuogopa zaidi, sababu inaondoa magonjwa mengi na kuacha lile donge mu orodha.

Skaneri inasoma namna gani

Skaneri, yenyewe, inaweza kuonyesha donge. Lakini si skaneri yoyote ya kifua. Wanaweka sindano mu mushipa wa mukono, na pompi inasukuma dawa ya picha yenye iyodi kwa haraka, karibu mililita 4 ao 5 kila sekunde. Mashini inangoja mpaka dawa ifike mu mushipa mukubwa wa mapafu, hapo inapiga picha mu sekunde chache, na mugonjwa anashika pumuzi. Mu picha ile damu inakuwa nyeupe sana. Donge halinywi dawa, kwa hiyo linabaki la kijivu katikati ya weupe, kama shimo. Mushipa ukikatwa kwa upana, linaonekana kama pete nyeupe yenye doa katikati. Ukikatwa kwa urefu, linaonekana kati ya mistari miwili nyeupe, sawa reli ya SNCC. Na kama mushipa umezibwa wote, hakuna weupe tena ndani: wote ni kijivu, na mara ingine umevimba kuliko ndugu zake.

Kisha kutazama mishipa, musomaji wa picha anapashwa kutazama moyo. Chumba cha chini cha kuume ni kidogo kuliko cha kushoto. Kama mu picha kimelingana na kile cha kushoto ao kimekipita, maana yake moyo unateseka, na mugonjwa yule hapaswi kulala mu chumba cha kawaida fasi wauguzi wanapita mara moja usiku.

Sasa tuone fasi ambapo mambo yanaharibika. Pompi imekufa, wanasukuma dawa kwa mukono: damu inakuwa kijivu kama donge, na hakuna kinachoonekana. Sindano ni ndogo ao imewekwa mu mushipa mubaya. Picha imepigwa mbele ya wakati ao kisha wakati. Mugonjwa hakuweza kushika pumuzi, picha inatikisika, na vivuli vya kutikisika vinafanana na madonge. Musomaji hakurekebisha mwangaza wa picha, weupe unafunika donge dogo. Mwenye kuwa na haraka anachukua mushipa wenye kurudisha damu ku moyo na kuuita mushipa wenye kuipeleka mu mapafu.

Na kuko kosa lenye kugusa mufuko wa jamaa moja kwa moja: skaneri ya kifua bila dawa ya picha. Fasi dawa ile inalipwa kando, jamaa yenye kukosa feza inaweza kuchagua picha ya bei ndogo. Wanarudi na bahasha kubwa na maneno «hakuna kitu». Lakini picha bila dawa haiwezi kukataa donge la damu: damu na donge vinafanana sana mu picha ile. Ni vizuri munganga aseme wazi mbele ya jamaa kulipa.

Picha nzuri nayo inataka kichwa

Wengine watasema: leteni mashini nzuri, fundisheni fundi, na mambo yatakwisha. Namba ziko kwa kujibu. Mwaka wa 2006, uchunguzi mukubwa wenye kuitwa PIOPED II, uliofanywa ku Marekani na Kanada na watu zaidi ya 800, ulipima nguvu ya skaneri kwa ugonjwa huu. Kati ya wagonjwa 100 wenye donge, skaneri iliona 83. Kati ya watu 100 wasio na donge, ilisema «hakuna» kwa 96. Mashini za leo zinaona vizuri kuliko zile, lakini jambo la pili la uchunguzi ule halikuzeeka.

Wanganga walipashwa kusema mbele ya picha kama wanawaza ugonjwa uko ao hauko. Wakati mawazo ya munganga na picha vilipatana, jibu lilikuwa la kuaminiwa: munganga akiwaza sana kwamba donge liko, na picha ikisema liko, ilikuwa kweli mara 96 juu ya 100. Lakini munganga akiwaza kwamba donge haliko, na picha ikisema liko, ilikuwa kweli mara 58 tu juu ya 100. Na munganga akiwaza sana kwamba liko, na picha ikisema haliko, ilikuwa kweli mara 60 tu.

Maana yake kwetu ni hii: skaneri haiko tribinali ya mwisho. Karatasi yenye kuandikwa tu «maumivu ya kifua» inamunyima musomaji wa picha nusu ya macho. Anapashwa kujua kwamba mama huyu alipasuliwa siku tano zilizopita, kwamba muguu wake wa kushoto umevimba, kwamba moyo wake unapiga mara 120.

Kuwaza huku hakuhitaji umeme wa SNEL. Munganga wa Kanada, Philip Wells, na wenzake walitunga hesabu ndogo yenye kutumika leo mu dunia nzima. Muguu wenye kuonyesha alama za donge: pointi 3. Hakuna ugonjwa mwingine wenye kueleza hali vizuri kuliko emboli: pointi 3. Moyo wenye kupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika: 1,5. Kupasuliwa mu majuma 4 yaliyopita ao kulala siku 3 na zaidi: 1,5. Kuwa na historia ya donge: 1,5. Kutema damu: 1. Kansa: 1. Kama jumla inapita 4, mugonjwa aende ku picha. Kama ni 4 ao chini, kipimo cha damu chenye kuitwa didimeri kinaweza kutosha: kikiwa cha kawaida, skaneri haina kazi, na jamaa inachunga feza yake. Lakini kipimo kile kinapanda pia kwa mimba, kwa maambukizo, kisha kupasuliwa. Kina nguvu ya kusema «hapana», hakina nguvu ya kusema «ndiyo». Na hesabu ya Wells haikutungwa kwa wamama wenye mimba: kwao munganga anapashwa kuwa na wasiwasi mwepesi zaidi.

Eko iko tayari mu muji

Wakati tunangojea skaneri, kuko mashini ingine yenye kulala ku chumba cha wamama wenye mimba: eko. Watu wanaijua sababu inaonyesha mutoto mu tumbo. Wachache wanajua kwamba inaweza kutafuta donge mu muguu. Kazi ni hii: wanaweka sonda ku kinena, kisha nyuma ya goti, na wanafinya. Mushipa muzima unalala kabisa chini ya sonda, kama pipi tupu ya mupira. Mushipa wenye donge unakataa kulala. Haihitaji iyodi, haileti miale yenye kuumiza mutoto mu tumbo, na inafanywa ku kitanda.

Mashauri ya shirika la wanganga wa moyo la Ulaya, yaliyotolewa mwaka wa 2019, yanakubali jambo moja muhimu kwetu: kama mugonjwa ana alama za emboli, na eko imeonyesha donge mu mushipa mukubwa wa paja ao wa goti, hiyo inatosha kwa kumupa dawa. Skaneri haiombwi tena kwa lazima. Kwa mugonjwa mwenye pressio ya chini sana, mwenye kukaribia kufa, eko ya moyo yenye kuonyesha upande wa kuume umevimba inaweza kusaidia munganga kuamua palepale, bila kumubeba mugonjwa mu ambilansi.

Eko iko na mipaka yake pia. Kama miguu ni safi, haina maana kwamba mapafu ni safi: donge linaweza kuwa limekwisha kupanda lote. Na kufinya mushipa ni ufundi wenye kufundishwa, na sonda ya kutazama mishipa ya karibu na ngozi haiko ile ile ya kutazama mimba. Lakini kati ya kununua sonda na kufundisha watu wawili, na kununua skaneri, bei hazifanani hata kidogo.

Dawa haingojei picha

Kuko jambo la zamani lenye kusahauliwa. Mwaka wa 1960, ku muji wa Bristol mu Uingereza, wanganga Barritt na Jordan walitangaza mu gazeti The Lancet jambo walilofanya na wagonjwa 35. Skaneri ilikuwa haijavumbuliwa. Walitambua emboli kwa kusikiliza, kupima na kutazama mugonjwa. Wagonjwa 16 walipewa heparini na dawa ya kukataza damu kuganda, 19 hawakupewa. Kati ya 19, emboli iliua 5. Kati ya 16, haikuua hata mumoja. Ni watu wachache, na uchunguzi wa leo ungeomba wengi. Lakini tangu siku ile hakuna munganga mwenye kuthubutu kumuacha mugonjwa wa namna hii bila dawa.

Leo mashauri ya wanganga ni wazi: kama wasiwasi ni mukubwa, na hakuna hatari kubwa ya kutoka damu, dawa inaanza wakati picha inangojewa. Mu muji ambao picha inaweza kuchukua siku mbili, siku ya kwanza ya kutafuta feza na ya pili ya kungojea umeme, sheria hii ni uzima ao kifo. Lakini tuelewane: dawa hizi zinaweza kuua kwa kutosha damu. Si za kununua ku farmasi ya kona na kujipiga sindano. Ni kwa sababu hiyo picha inahitajiwa bado, hata kisha dawa kuanza: mugonjwa atameza dawa kwa miezi mitatu ao zaidi, na haifai mutu abebe hatari ile miezi yote juu ya ugonjwa asiokuwa nao.

Heparini na warfarini ziko mu orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Mwaka wa 2019 orodha ile iliongezwa vidonge vipya visivyoomba kupima damu kila mara. Kuandikwa mu orodha ya Geneva ni kitu kimoja. Kuwa mu kabati ya dawa za haraka saa nane ya usiku, bila kumutuma baba wa jamaa mu mvua na karatasi, ni kitu kingine.

Feza ya migodi inunue nini

Hapa tunafika ku mambo ya utawala. Tangu sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka wa 2018, kampuni za migodi zinapashwa kutoa 0,3 % ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Tena, 15 % ya kodi ya madini inaenda ku komini na shefferi fasi madini yanatoka. Kuko feza, basi, yenye kuweza kugusa hospitali ya Kolwezi, ya Fungurume, ya Kipushi, bila kungojea Kinshasa. Na kuko kishawishi: kununua kitu kikubwa chenye kupigwa picha siku ya ufunguzi.

Hatukatai skaneri. Inaona kichwa chenye kupasuka, inaona kansa, inaona donge. Muji wenye watu milioni haupaswi kuishi bila skaneri ya watu wote. Tunakataa skaneri yenye kuja peke yake. Mbele ya kutia saini, wenye kamati za maendeleo wangeuliza maswali haya: nani atatengeneza mashini ikiharibika, na ku bei gani? Pompi na dawa ya picha ziko mu mukataba, ao zitatafutwa kisha? Umeme ukikatwa, kuko kitu kingine? Nani atasoma picha usiku na siku ya Mungu? Kama radiologu haiko palepale, picha zinaweza kutumwa kwa intaneti ku Lubumbashi ao Kinshasa na jibu kurudi mu saa moja. Lakini kazi ile inalipwa, na inapashwa kuandikwa mu bajeti tangu mwanzo.

Tena, kwa sehemu ndogo ya bei ile, hospitali za zoni za afya zingepata sonda ya mishipa, watu wawili wenye kufundishwa kuitumia, na akiba ya heparini yenye kutolewa kwanza, fakitire ikafuata. Wauguzi wangeamriwa kumusimamisha mama aliyepasuliwa mapema, siku yenye kufuata kama hali inaruhusu, na kumutembeza. Hiyo haigharimu franka hata moja, na inapunguza hatari ya damu kusimama mu miguu.

Serikali nayo iko na swali la kujibu. Tangu mwezi wa tisa 2023, mupango wa kuzaa bure ulianza Kinshasa, kisha ukaenda mu majimbo mengine. Ni jambo zuri. Tunauliza: siku ya tano ao ya kumi, mama akikosa pumuzi, eko ya miguu, heparini na skaneri vinahesabiwa mu kuzaa, ao jamaa inaanza upya kutafuta avansi? Tunaomba wakubwa wa afya ya jimbo wajibu kwa maandishi, hospitali zibandike jibu ku ukuta. Na kila kifo cha gafula kisha kuzaa ao kisha kupasuliwa kizungumuzwe kati ya wanganga, na jamaa ielezwe kwa maneno ya kweli kile kinachowazwa na kile kisichojulikana, mbele ya maneno ya kilio kuanza.

Na jamaa nazo ziko na sehemu yao. Mutu wenu akikosa pumuzi kwa gafula, musiseme tu «kifua kinamuuma». Museme mambo manne kwa munganga: kama alipasuliwa, alizaa ao alilala kitandani mu majuma ya karibu, kama muguu mumoja umevimba kuliko mwingine, kama ametema damu, kama yeye alikwisha kupata donge la damu mbele. Wakiwatuma ku skaneri, muulize kama itafanywa na dawa ya picha, na kama mugonjwa anaweza kupewa dawa wakati munatafuta feza. Munganga mwenye kujua kazi yake hatakasirika kwa maswali hayo.